Tangi la angahewa na jirani mwenye shinikizo: kinga ipi uchague?

Chukua bamba la chuma lenye unene wa milimita 5. Huo ndio unene wa chini ambao kiwango cha API 650, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kinaruhusu kwa paa la tangi. Mita moja ya mraba ya bamba hilo ina uzito wa kilo 39 hivi, kwa hiyo shinikizo la kulinyanyua ni lile la maji ya kina cha milimita 39, sawa na kilopaskali 0.4. Vidole viwili vya maji. Hatua chache kutoka hapo linapita bomba la naitrojeni, gesi inayojaza nafasi iliyo juu ya kimiminika tangini, lenye bar 7, yaani kilopaskali 700, na kinachovitenganisha hivyo viwili ni kidhibiti shinikizo chenye springi na diaframu ya mpira.

Tangi la angahewa, yaani lile lililojengwa kuhifadhi kimiminika bila shinikizo la maana juu yake, linadanganya macho kwa ukubwa wake. Nimeshuhudia paa la tangi la namna hiyo likipanda. Tulikuwa tunasukuma mabaki ya kimiminika kwenye bomba kwa hewa ya kompresa, kazi ambayo ilikuwa imefanyika mara nyingi kabla ya siku hiyo. Bomba likaguguma, mlio ukageuka filimbi, kisha kikaja kishindo kimoja kizito, kama mtu aliyepiga debe tupu kwa ngumi. Paa lilikuwa limefutuka. Tulipofunga valvu likarudi chini na kishindo cha pili, na rangi ikabaki imechanika mstari mwembamba kuzunguka mchomeleo wa juu. Valvu ya kupumua ya tangi ilikuwa nzima. Ilifunguka pale ilipotakiwa kufunguka, ila ilikuwa imepewa kazi ya kutoa hewa inayosukumwa na pampu, siyo hewa ya kompresa.

Tangu hapo, mtu akiniuliza aweke kinga gani, namuuliza kwanza: chanzo kikishindwa kabisa, gesi inakuja kiasi gani kwa saa? Bila namba hiyo, kulinganisha kinga ni kubahatisha.

Namba yenyewe

Tuseme una tangi la mita za ujazo 200, kipenyo mita 5, urefu mita 10, lililosanifiwa kwa kilopaskali 2. Linajazwa na pampu ya mita za ujazo 60 kwa saa, na kimiminika chake hakivukizi sana. Kwa fomula za API 2000, kiwango cha upumuaji wa matangi, kujaza kunadai tundu la tangi litoe mita za ujazo 60 kwa saa, na joto la jua linaongeza kama 38 kwa maeneo yaliyo chini ya latitudo 42. Jumla haifiki 100.

Sasa diaframu ya kidhibiti cha naitrojeni ipasuke na kidhibiti kibaki wazi. Iwapo mahali pembamba kuliko pote kwenye njia hiyo pana milimita 25, gesi inapita pale kwa kasi ya sauti, na kiasi chake kinategemea shinikizo la upande wa chanzo tu. Tangi liwe tupu au limejaa, haliwezi kukipunguza. Kwa bar 7 ni takriban mita za ujazo 2,200 kwa saa. Valvu yako ya kupumua ilipangiwa 100.

API 2000 inazitaja sababu hizi, kuanzia kidhibiti kilichoharibika hadi gesi inayofuata mwishoni mwa kimiminika kinaposukumwa kwa shinikizo. Lakini haikupi fomula yake kama inavyokupa ya jua na pampu. Hesabu hiyo ni ya mhandisi wa kiwanda husika, na ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa sababu karatasi ya mauzo ya valvu haiulizi.

Kupanua tundu, au kubana chanzo?

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko yote, na watu wengi huanza upande wa kwanza kwa sababu tangi ndilo wanalolionea huruma.

Kupanua tundu kunawezekana. Kwa tangi letu, tundu la dharura la milimita 200 linaweza kutoa zile mita 2,200 bila kuvuka kilopaskali 2. Uzuri wake ni kwamba halihitaji umeme wala kihisi, na likipimwa kwa mzigo mkubwa kuliko yote linafaa kwa sababu zote, ukiwemo moto wa nje. Ikiwa tangi lina maji au kimiminika kisicho na madhara, na gesi inaweza kutoka moja kwa moja hewani, sioni sababu ya kulikataa.

Taabu inaanza pale tangi lilipo na kitu cha sumu au kinachowaka. Tundu haliishii hewani tena; linaishia kwenye mnara wa kuosha gesi. Mnara uliopimwa kwa mita 100 kwa saa ukipelekewa 2,200, maji yake yanatupwa nje na gesi inapita bila kuoshwa. Baya zaidi ni pale matangi manne au matano yanapotumia bomba moja la kutolea hewa. Kidhibiti cha tangi moja kikishindwa, shinikizo linarudi kwa majirani wote, na paa linaloweza kuachia kwanza ni la tangi ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Nikipitia mchoro wa mabomba nikakuta bomba la pamoja la namna hiyo, huwa naanzia hapo kabla ya kutazama kitu kingine.

Kuna jambo jingine. Gesi ikiingia chini ya kimiminika, kama inavyokuwa bomba la kujazia linapofika karibu na sakafu, kimiminika chote kinafura na kupanda pamoja na mapovu. Tundu lililopimwa kwa gesi kavu likianza kupitisha povu, uwezo wake unaanguka vibaya. Na yale ya kila siku hayajaisha: nta au chumvi iliyoganda kwenye kizuia moto, viota vya wadudu, au plastiki iliyofungwa wakati wa kupaka rangi ikasahaulika.

Kubana chanzo ni kwenda upande wa pili wa bomba. Unaweka sahani ya chuma yenye tundu dogo kwenye flenji, baada ya kidhibiti, ili hata kidhibiti kikipotea kabisa gesi isizidi kiasi unachokijua. Tundu lipimwe vipi? Tangi letu likinyonywa mita 60 kwa saa na mvua ya ghafla ikilipoza, litahitaji naitrojeni kama mita 220 kwa saa ili lisivute hewa ya nje. Tundu la milimita 8 kwa bar 7 linapitisha karibu 228. Linatosha mahitaji, na kidhibiti kikishindwa, mzigo wa tundu la tangi ni hizo 228 pamoja na 98 za kawaida. Valvu ya kupumua ya milimita 100 inaubeba bila kuhangaika. Kutoka 2,200 hadi 228, kwa kipande cha chuma kisichosogea!

Ubaya wake upo pia. Ukikosea ukaweka tundu dogo mno, tangi litavuta hewa ya nje kila mvua ikinyesha, na kwa kimiminika kinachoshika moto hiyo ni hatari nyingine. Tundu dogo linaweza kuziba kwa kutu ya bomba, kwa hiyo weka kichujio kabla yake. Halafu hakikisha hakuna baipasi, yaani njia ya pembeni inayoikwepa sahani na kidhibiti. Baipasi ya milimita 25 iliyowekwa ili kidhibiti kitengenezwe bila kusimamisha kazi inafuta kila kitu ulichohesabu.

Kwa naitrojeni na hewa ya kompresa, uamuzi wangu haubadiliki: bana chanzo kwanza, kisha pima tundu kwa kile kilichobaki.

Paa la kuachia

Wengine hujifariji kwamba mchomeleo wa paa ni dhaifu kwa makusudi, utaachia kabla ya chini kung'oka. Kwa matangi mapana hilo ni kweli. API 650 inaweka masharti yake, na kwa njia yake rahisi tangi linatakiwa kuwa na kipenyo cha mita 15 au zaidi. Viwanda vya kemikali vina matangi membamba marefu. Kuta na paa la tangi letu la mita 5, kwa bamba la milimita 5, vina uzito wa tani 7 hivi. Shinikizo la kilopaskali 3.5 linasukuma paa hilo juu kwa nguvu ya tani 7 zilezile. Kama kuta hazikufungwa barabara kwenye msingi, tangi linanyanyuka, kiungo cha ukuta na sakafu kinachanika, na kimiminika chote kinamwagika kwa mkupuo huku tangi likiruka. Kwa tangi dogo usiihesabu kama kinga.

Chombo cha kati, au tripu?

Ukiacha naitrojeni, chanzo kinachofuata kwa uzito ni chombo chenye shinikizo kinachomwaga kimiminika chake tangini kwa valvu ya kudhibiti kimo. Kimiminika kikiisha na valvu ikabaki wazi, gesi inafuata. Hapa sahani yenye tundu haitoshi, kwa sababu njia iliyo pana kiasi cha kupitisha kimiminika inapitisha gesi nyingi mno.

Tarehe 22 Machi 1987, kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Grangemouth, Uskoti, gesi ya zaidi ya bar 150 ilipita namna hiyohiyo na kuingia kwenye chombo cha shinikizo la takriban bar 9. Kililipuka, mtu mmoja akafa. Tripu ya kimo cha chini, yaani mfumo wa kufunga valvu wenyewe kimiminika kikipungua, ilikuwa imekatwa, na valvu ya usalama ya chombo cha chini ilipimwa kwa ajili ya moto, siyo kwa gesi inayopenya. Hicho hakikuwa hata tangi la angahewa. Kilikuwa chombo cha bar 9. Pima mwenyewe tofauti ikiwa pale pangekuwa na tangi la kilopaskali 2.

Chaguo la kwanza hapa ni chombo cha kati: chombo chenye uwezo wa kubeba shinikizo, chenye valvu yake ya usalama inayoelekea kwenye mnara wa kuchomea gesi, kiwekwe kati ya chanzo na tangi. Gesi ikipenya, inakutana na chombo kinachoistahimili. Kimiminika kinatoka humo kwenda tangini kwa shinikizo dogo, na gesi iliyoyeyuka imeshatoka. Faida hiyo ya mwisho hupuuzwa, ilhali kimiminika kilichotoka kwenye shinikizo kubwa hubeba gesi ndani yake hata siku ambayo kila kitu kinafanya kazi, na gesi hiyo hutokea tangini. Gharama ni ya kweli: chombo, msingi, mabomba, nafasi. Kwenye kiwanda kilichokwisha kujengwa, nafasi ndiyo hukataa.

La pili ni tripu, mfumo unaofunga wenyewe. Ni rahisi kuuongeza, na kiwango cha IEC 61511 kinaueleza vizuri kwa madaraja ya uaminifu yanayoitwa SIL: SIL 1 maana yake mfumo unaweza kushindwa kati ya mara 1 katika 10 na mara 1 katika 100 unapohitajika, SIL 2, kati ya 1 katika 100 na 1 katika 1,000. Lakini swali linaloamua ni kihisi kinapima nini.

Watu wengi huweka kihisi cha shinikizo juu ya tangi. Fuata saa. Tangi letu likijaa kwa asilimia 90, juu ya kimiminika kuna nafasi ya mita za ujazo 20. Ili shinikizo lipande kilopaskali 2 inatosha kuongeza gesi mita za ujazo 0.4. Gesi ikija kwa mita 2,200 kwa saa, hiyo ni kazi ya chini ya sekunde moja. Valvu ya kufunga ya kawaida inachukua sekunde 3 hadi 5. Kabla haijafika nusu ya safari yake, paa limeshatoa kishindo.

Hamisha kihisi kiende kwenye chanzo. Chombo cha juu kikiwa na lita 300 chini ya alama ya tripu, na valvu iliyofunguka yote ikipitisha mita 20 kwa saa, una sekunde 54 kabla gesi haijaanza kupenya. Hapo tripu ina nafasi ya kufanya kazi yake. Tumia mtiririko wa valvu iliyofunguka yote, si ule wa kawaida, maana siku ya ajali ndivyo itakavyokuwa. Kihisi hicho kisiwe kilekile kinachodhibiti kimo, wala valvu ya kufunga isiwe ileile ya kudhibiti. Kilichokuletea tatizo hakiwezi kuwa mwokozi wako.

Ukiwa unajenga upya, chagua chombo cha kati. Ukiwa unarekebisha kiwanda kilichopo, tripu ya kimo pamoja na kibano ndani ya valvu ya kudhibiti, ili ikifunguka yote isipitishe zaidi ya unachohitaji. Tripu peke yake naikubali tu pale ninapoona ratiba ya kuijaribu na kumbukumbu za majaribio yenyewe.

| Kinga | Iko wapi | Inachohitaji ili ifanye kazi | Kinachoiangusha |
|---|---|---|---|
| Tundu kubwa la dharura | Tangini | Njia wazi ya kutokea | Uchafu, povu, mnara mdogo wa kuosha gesi, bomba la pamoja |
| Sahani yenye tundu dogo | Kwenye chanzo | Hesabu sahihi, kichujio | Baipasi, mtu kuibadilisha |
| Chombo cha kati | Njiani | Valvu ya usalama iliyopimwa kwa gesi inayopenya | Kufurika, nafasi finyu |
| Tripu ya kimo | Kwenye chanzo | Majaribio ya mara kwa mara | Kukatwa, kihisi cha pamoja |
| Tangi lenye nguvu zaidi | Tangini | Uamuzi wakati wa kununua | Gesi nyingi kuliko ilivyokadiriwa |

Kuhusu hilo la mwisho, kwa ufupi: kiambatisho cha API 650 kinafika kilopaskali 18, API 620 inafika 103, na juu ya hapo unaingia kwenye vyombo vya shinikizo. Kutoka 2 hadi 18 kunakupa muda na nafasi ya kupumua, lakini dhidi ya bar 7 bado ni tangi la kulindwa.

Valvu ya njia moja na maandishi ukutani

Valvu ya njia moja inayozuia kimiminika cha kinu cha mmenyuko wa kemikali kurudi tangini pampu ikisimama ni ya lazima, ila usiipe kazi ya kinga pekee. Inavuja kimyakimya na hakuna geji inayokuambia. Na kinachorudi kutoka kwenye kinu huwa si shinikizo tu. Kinakuja na kemikali inayoweza kuanza kuchemka ndani ya tangi. Weka mbili za aina tofauti, na tripu inayofunga valvu pampu inaposimama.

Maagizo ya kazi ni dhaifu kuliko hiyo. Tarehe 4 Machi 1998 huko Pitkin, Louisiana, nchini Marekani, wafanyakazi wanne walikufa wakati wa kuanzisha mtambo wa kutenganisha mafuta na gesi. Chombo kilichopasuka kilikuwa cha shinikizo la angahewa, hakikuwa na valvu ya usalama, na valvu zilizokizunguka hazikuwa zimepangwa ipasavyo. Shinikizo lililokifikia lilikadiriwa kufika kama bar 55. Hapo mpangilio wa valvu ndio uliokuwa kinga yote.

Lori la tangi

Nimeliacha hili mwishoni kwa sababu ndilo linalotokea mara nyingi na halionekani kwenye mchoro wowote. Lori linashushwa kwa kusukumwa na naitrojeni ya bar 2. Kwa nusu saa mpira unapitisha kimiminika, kila kitu shwari. Kimiminika kinapoisha, lori la mita za ujazo 20 lina gesi ya ziada kama mita 40, na njia ya milimita 80 iko wazi kuelekea tangini. Mtiririko unaruka hadi maelfu ya mita za ujazo kwa saa, tena kwa kutokea chini ya kimiminika.

Pampu ni bora kuliko gesi hapa, bila mjadala: kimiminika kikiisha pampu inakauka, na tangi halipati kitu. Pale ambapo lazima utumie gesi, punguza shinikizo lake hadi lile linalotosha tu kupandisha kimiminika, bana gesi inapoingia kwenye lori, na opereta asimame penye valvu dakika za mwisho akiwa ameshika mpini. Dalili anayoisubiri ni mpira: ukiwa na kimiminika umelala na ni mzito mkononi, gesi ikikaribia unaanza kutikisika na kurukaruka. Akisubiri mlio wa filimbi, amechelewa. Tena afunge upande wa lori kwanza. Akifunga wa tangi kwanza, mpira wote unabaki na bar 2 ndani yake, na ataufungua kwa mikono yake mwenyewe.

Jambo moja la kukagua leo, hata kabla ya hesabu. Nenda kwenye kila sahani yenye tundu inayolinda tangi, usome mpini wake unaochomoza nje ya flenji: kipimo cha tundu kinatakiwa kuwa kimechongwa hapo. Kisha fungua kumbukumbu za karakana uone kidhibiti kilibadilishwa lini, na kama kiti cha valvu kilichowekwa ni cha ukubwa uleule. Nimekuta kiti cha milimita 20 mahali palipohesabiwa 10, kwa sababu stoo ndicho ilichokuwa nacho siku hiyo. Tundu la tangi halikubadilishwa, wala hakuna aliyeambiwa kwamba gesi inayoweza kufika pale sasa ni mara nne.